Pua Iliyozibwa Baada ya Upasuaji wa Sainasi: Mwongozo Kamili wa Kumuuguza Mgonjwa Nyumbani

Upasuaji wa sainasi, yaani mapango ya hewa yaliyo ndani ya mifupa ya uso, ukifanywa kwa kamera hauachi mshono usoni, na hapo ndipo matatizo ya nyumbani yanapoanzia. Mgonjwa anarudi mtaani kwake Tanga, Ngamiani au Makorora, akiwa hana jeraha la kuonekana, uso wake ni uleule, na jamaa wanaokuja kumjulia hali wanamchukulia kama mtu mwenye mafua mazito tu. Kumbe ndani ya pua yake milango ya mapango hayo imepanuliwa, nyama zilizokuwa zimeziba njia zimeondolewa, na utando uliobaki ni mbichi kama goti la mtoto aliyeanguka barazani.

Makosa yanayojirudia ni matatu: kuvuta kwa mkono wako mwenyewe kizibo cha pua, yaani kile daktari alichokiweka ndani kuzuia damu, kupenga kamasi kabla ya wakati, na kuosha pua kwa maji yasiyofaa au kuacha kuosha kabisa. La kwanza huleta damu, la pili huleta damu na pengine uvimbe wa jicho, na la tatu, ambalo watu hulidharau, ndilo linalorudisha wagonjwa wengi kwa daktari wakiwa na pua iliyoziba upya. Kwa hiyo sehemu ya kuosha pua nimeirefusha kuliko nyingine zote.

Daktari aliyekupasua akikuelekeza kinyume na yaliyoandikwa hapa, mfuate yeye, kwa kuwa ndiye anayejua alichokata na alichokiacha ndani.

## Vitu vya kuandaa kabla mgonjwa hajafika nyumbani

- Vitambaa vya shashi vya hospitali vilivyo safi, pamoja na plasta ya karatasi, kwa ajili ya kukinga matone chini ya pua.
- Mito mitatu, au kiti cha kuegemea.
- Beseni dogo la kutemea, lenye rangi nyeupe au angavu ili rangi ya damu ionekane.
- Kipimajoto.
- Mafuta ya mgando ya kupaka midomoni.
- Chupa laini ya kuoshea pua yenye ujazo wa mililita 240 kutoka duka la dawa. Ikikosekana, bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yake, linatosha.
- Sufuria yenye mfuniko ambayo haitapikiwa kitu kingine, na chupa ya kioo yenye kifuniko.
- Chumvi laini safi, na bikaboneti ya soda, ile inayotiwa kwenye keki.
- Dawa zote zilizoandikwa na daktari, zikiwa zimenunuliwa tayari. Usiku wa kwanza si wakati wa kumtuma kijana kuzunguka mjini akitafuta duka la dawa lililo wazi.

Kingine ni karatasi ya ruhusa. Usiikunje ukaitia mfukoni bila kuisoma.

## Hatua ya 1: Ujue pua ina nini ndani yake

Kabla ya kuondoka wodini, muulize daktari au muuguzi maswali manne, na majibu yaandikwe kwenye karatasi hiyo: vimewekwa vizibo vingapi, ni vya aina gani, vitatolewa lini na nani, na nipige simu wapi nikipata shida usiku.

Maswali haya yana maana kwa sababu vizibo si vya aina moja. Kuna utepe mrefu wa shashi uliopakwa mafuta au dawa, unaokunjwa tabaka kwa tabaka ndani ya pua. Kuna sifongo ngumu inayoingizwa ikiwa kavu kisha ikatutumka inapokutana na damu au maji. Kuna pia sifongo laini inayoyeyuka yenyewe kwa muda wa wiki moja au mbili, ambayo haivutwi kabisa bali husafishwa kwa maji ya chumvi. Mgonjwa aliyenyooshwa ukuta wa kati wa pua katika upasuaji huohuo huweza kuongezewa vibamba vyembamba vya plastiki vilivyoshonwa kwa uzi, ambavyo kwa kawaida hukaa takriban wiki moja. Na wapo wanaotoka wodini bila kizibo chochote, kwa kuwa damu ilikuwa kidogo na daktari hakuona haja.

Idadi ya vizibo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kizibo kilichosahaulika ndani huoza, hutoa uvundo unaowafukuza hata watu wa nyumbani, na hulea maambukizi. Kama karatasi inasema viwili viliingia, viwili vionekane vikitoka, na mgonjwa ana haki ya kuvihesabu kwa macho yake.

Utajua umefanikiwa ikiwa mtu yeyote wa nyumbani anaweza kuichukua karatasi hiyo na kukujibu maswali yote manne bila kukuamsha.

## Hatua ya 2: Safari ya kurudi

Kwa mtu wa Bagamoyo aliyepasuliwa Dar es Salaam hili si jambo kubwa, kwa kuwa ni mwendo wa kilomita zipatazo 70. Kwa mtu wa Tanga ni kilomita takriban 350, saa nyingi za kukaa kwenye basi, na katikati ya njia si rahisi kumpata daktari wa pua wa kukimbilia damu ikianza. Kwa hiyo usisafiri siku uliyopasuliwa. Lala kwa ndugu, na kama inawezekana subiri hadi vizibo vitolewe na daktari akuangalie ndipo ukate tiketi.

Ukiruhusiwa kusafiri, keti viti vya mbele ambako mtikisiko ni mdogo, uwe na maji ya kunywa, vitambaa vya shashi, mfuko wa kutemea na mtu wa kukusindikiza. Mizigo abebe huyo msindikizaji. Safari ya ndege uiulizie kwa daktari kabla ya kulipa nauli, kwa sababu mabadiliko ya shinikizo la hewa huuma sana katika sainasi mbichi.

## Hatua ya 3: Siku za kizibo

Vizibo vya kuvutwa hukaa kwa kawaida saa 24 hadi 48, mara nyingine siku tatu. Ni muda mfupi, lakini mgonjwa huuona mrefu kama mwezi. Kichwa ni kizito, macho yanatoa machozi kwa sababu njia ya machozi hufungukia puani, kila mmezo wa mate unavuta masikio, na kinywa kimekauka kwa kupumulia mdomo usiku kucha. Hayo yote ni ya kawaida. Mwambie mapema ili asishtuke.

Kulala. Mpangie mito mpaka kichwa na mabega viinuke, alale chali. Damu ikishuka kutoka kichwani, uvimbe unapungua na kutoka damu kunapungua. Kulaza kichwa sawasawa na kifua usiku wa kwanza ndiko kunakowaamsha wengi alfajiri wakiwa na matone mengi.

Kinywa. Anywe maji kidogokidogo mchana kutwa, na midomo ipakwe mafuta ya mgando. Wakati wa kaskazi, joto linapokuwa kali, feni isielekezwe usoni, kwa kuwa itamkausha koo kabla hajapata usingizi. Madafu yanafaa.

Chakula. Kiwe laini na cha uvuguvugu: uji, ndizi za kupondwa, wali uliolainika, mchuzi wa samaki usio na pilipili. Chakula cha moto sana hupanua mishipa ya damu, na pilipili huchuruzisha pua ambayo haina pa kuchuruzikia. Mpe papai na maji ya kutosha, kwa sababu kujikamua chooni hupandisha shinikizo kichwani sawa na kubeba gunia.

Kitambaa cha chini ya pua. Kitalowa maji ya rangi ya waridi au damu nyepesi, na siku ya kwanza unaweza kukibadilisha kila baada ya saa moja au mbili. Kila ukibadilisha, tazama uzi wa kizibo uliobandikwa shavuni. Ukiwa umebanduka, ubandike tena. Usiukate ati unamkera, na usiuvute kuona kama umekaza.

Chafya. Haizuiliki, basi apige chafya kinywa kikiwa wazi kabisa. Anayebana chafya au kupenga kamasi anaisukuma hewa kwa nguvu dhidi ya mifupa iliyo myembamba kama ganda la yai, na hewa hiyo inaweza kupenya hadi kwenye kope za macho. Marufuku ya kupenga kamasi inaendelea hata baada ya vizibo kutoka, kwa wiki moja hadi mbili, au mpaka daktari aseme.

Sala na udhu. Hili huulizwa kila mara, na ni haki liulizwe. Kusujudu kunashusha kichwa chini ya moyo na kujaza damu puani, kwa hiyo kwa wiki ya kwanza mgonjwa aswali akiwa ameketi na kuashiria kwa kichwa kidogo, ruhusa ambayo mgonjwa amepewa. Kupandisha maji puani wakati wa udhu ni sunna katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wa mwambao huu, si nguzo, hivyo kuliacha hakuharibu udhu wake. Maji ya bomba yasipande puani kwa kipindi chote cha kupona. Mwenye wasiwasi zaidi amwendee shehe wake, lakini amweleze kwanza alichoambiwa na daktari.

Moshi na fukizo. Hapa ndipo upendo wa jamaa unapogeuka kero. Shangazi anafika na chetezo, anatia udi na ubani chumbani ili mgonjwa aburudike, na usiku mtu mwingine anamwashia dawa ya mbu ya kuviringika karibu na kitanda. Utando mbichi wa pua hauwezi kuusafisha moshi huo, na mgonjwa hupata kikohozi na chafya mfululizo. Chetezo kipelekwe uani, mbu wazuiwe kwa chandarua, na jiko la kuni au mkaa alishike mtu mwingine. Na nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke wa majani ndani ya blanketi, isifanyike kabisa wiki hizi. Wengi huiona kuwa dawa ya kila pua iliyoziba, lakini joto lake hufungua mishipa ambayo daktari alitumia saa nzima kuifunga.

Utajua umefanikiwa ikiwa kitambaa kinachukua muda mrefu zaidi kulowa kila siku inayopita, joto la mwili halipandi, na mgonjwa anakunywa na kukojoa kama kawaida.

## Dalili za kumkimbiza hospitali

Nimeziweka katikati ya mwongozo kwa makusudi, kwa sababu nyingi hutokea katika siku hizi. Kwa aliye Tanga mjini, nenda idara ya dharura ya Hospitali ya Bombo. Aliye Bagamoyo aanzie hospitali ya wilaya. Usingoje siku ya kliniki ukiona mojawapo ya haya:

- Damu nyekundu inayolowesha kitambaa kizima kwa dakika chache tu, au inayoshuka kooni bila kukoma na mgonjwa anaimeza.
- Kuona vitu viwiliviwili, kupungua kwa uwezo wa kuona, au jicho linalovimba na kuwa jeusi kwa kasi.
- Maji meupe, mepesi kama ya kunywa, yanayodondoka upande mmoja hasa anapoinama, yenye ladha ya chumvi au ya chuma. Huenda ni maji yanayouzunguka ubongo.
- Kichwa kinachouma vibaya mno, shingo kukakamaa, au kuchanganyikiwa.
- Homa ya nyuzi 38.5 na zaidi. Homa ikifuatana na kutapika, kizunguzungu na vipele vya kuenea mwilini kama aliyeungua jua, hiyo ni dharura kubwa, kwa kuwa bakteria wanaoota kwenye kizibo huweza kumwaga sumu katika damu.
- Kizibo kimeteleza nyuma kuelekea kooni. Mgonjwa ainame mbele, afungue kinywa na akohoe. Akikabwa pumzi, kivutwe mara moja kwa uzi wake. Hii ndiyo hali pekee ambayo mtu wa nyumbani anaruhusiwa kuvuta.

Damu ikianza baada ya vizibo kutolewa, mketishe, ainame mbele, afinye sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 mfululizo bila kuachia ili kuchungulia, huku akitema kila kinachofika kinywani. Asilazwe chali wala asiegemeze kichwa nyuma. Damu inayomezwa huleta kutapika, na kutapika huiongeza damu.

## Hatua ya 4: Kutolewa kwa kizibo

Kazi hii ni ya mtu aliyefundishwa, mahali penye taa, mashine ya kunyonya na vizibo vya akiba. Najua kwa nini watu huvuta wenyewe: siku imefika, kliniki iko mbali, foleni ni ndefu, na uzi upo pale shavuni ukimwita. Lakini sifongo kavu iliyogandamana na ukuta wa pua hutoka na ngozi, na damu ikifumuka sebuleni hutakuwa na cha kuiziba.

Mgonjwa ale chakula chepesi kabla ya kwenda, kwa sababu wenye njaa ndio wanaozimia kwa urahisi. Nusu saa hadi saa moja kabla, ameze parasetamoli kama alivyoelekezwa. Akifika, si vibaya akiuliza kwa heshima kama kizibo kitaloweshwa kwanza kwa maji ya chumvi na kuachwa dakika chache, kwani kilicholowa huteleza na kikavu hukwaruza.

Wakati wa kuvutwa, aketi ameinama kidogo mbele, ashike bakuli chini ya kidevu, na apumue kwa kinywa polepole. Atahisi kama kitu kirefu kupita kiasi kinatolewa kutoka nyuma ya jicho. Ni sekunde chache. Damu kidogo itafuata na kukoma baada ya dakika kadhaa. Akihisi kizunguzungu, alazwe na miguu iinuliwe mpaka rangi irudi usoni. Asiondoke hapo kabla ya nusu saa.

Utajua umefanikiwa ikiwa idadi iliyotoka ni ileile iliyoandikwa, na matone yamekoma kabla hajaondoka. Pua ikiziba tena jioni ileile usikate tamaa, kwani huo ni uvimbe na ukoko, na hatua inayofuata ndiyo dawa yake.

## Hatua ya 5: Kuosha pua kwa maji ya chumvi

Pua yenye afya hujisafisha yenyewe kwa vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma kamasi kuelekea kooni. Baada ya upasuaji vinyweleo hivyo huwa kama wafanyakazi waliogoma: damu na kamasi hukauka, ukoko hujengeka kwenye milango iliyopanuliwa, na ukoko huo ukikaa, pande mbili za jeraha hushikana na mlango hufungika. Maji ya chumvi hufanya kazi hiyo kwa niaba yao hadi warudi kazini. Asiyeosha anaweza kupoteza kwa wiki tatu kile alichokilipia kwa pesa nyingi.

Anza siku daktari aliyokutajia, ambayo kwa kawaida ni siku moja au mbili baada ya upasuaji kwa asiye na kizibo au mwenye kile kinachoyeyuka, na mara tu baada ya kutolewa kwa mwenye kizibo cha kuvutwa.

### Maji

Maji yachemke kwa mapovu makubwa kwa dakika moja kamili, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Hakuna njia ya mkato. Maji ya chupa ya dukani ni salama kunywa, lakini nayo yachemshwe. Maji yaliyotiwa dawa ya kuua vijidudu, ambayo tunayanywa bila shida, nayo hayatoshi. Tumboni kuna asidi inayoua wadudu wengi, puani haimo, na kuna amiba adimu lakini mwenye kuua anayeweza kupita puani hadi kwenye ubongo akiingizwa na maji ambayo hayajachemshwa.

Sasa niseme juu ya bahari, kwa kuwa sisi ni watu wa pwani na ushauri wa kwenda kuvuta maji ya bahari pale Raskazone hautaisha. Maji ya bahari yana chumvi ya takriban asilimia 3.5, ilhali maji ya mwili yana asilimia 0.9. Ni makali karibu mara nne, yanaunguza utando mbichi, na yana vijidudu. Wala usidhani maji ya kisima yenye ladha ya chumvi yamekupunguzia kazi, kwa sababu hujui yana chumvi gani na kiasi gani.

### Chumvi

Kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa, tia kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi laini, kijiko kikiwa kimesawazishwa kwa kisu, pamoja na nusu kijiko cha bikaboneti ya soda ili kupunguza mwasho. Hapo utakuwa karibu na gramu 9 za chumvi kwa lita, ambacho ndicho kipimo cha mwili.

Chumvi ya mawe kutoka mashamba ya chumvi ya pwani yetu ni nzuri kwa kukausha samaki, lakini ina mchanga na tope, na punje zake kubwa zinapotosha kipimo cha kijiko. Chumvi ya mezani yenye madini joto huweza kuwasha kidogo, na ukipata isiyo nayo ni bora zaidi.

Tahadhari ambayo ningependa kuiandika kwa rangi nyekundu: usitie magadi. Neno soda linawachanganya watu dukani. Magadi ya kulainishia maharagwe si bikaboneti ya keki, na ile soda ya kutengenezea sabuni inababua ngozi ya mkono, sembuse ndani ya pua. Kama muuzaji hana uhakika, acha soda kabisa. Chumvi peke yake inatosha.

Anayeona kazi hii ni kubwa anunue chupa ya maji ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 kutoka duka la dawa, ayamimine kidogokidogo kwenye chombo safi kila anapoosha. Ni ghali zaidi, ila haikosei kipimo.

### Jinsi ya kuosha

1. Nawa mikono kwa sabuni. Pasha maji yawe ya uvuguvugu, uyajaribu kwenye kifundo cha mkono kama unavyojaribu maziwa ya mtoto. Maji baridi huumiza kipaji cha uso, na ya moto huleta damu.

2. Simama juu ya sinki au beseni, inama mbele, geuza uso kidogo upande mmoja. Usiinue kidevu, maana maji yatakwenda kooni badala ya kutoka.

3. Fungua kinywa na useme "kaaa" bila kukoma. Sauti hiyo inainua kaakaa laini na kuufunga mlango wa nyuma. Hili ndilo linalokosewa na karibu kila anayeniambia kwamba maji yanamkaba.

4. Weka ncha ya chupa mlangoni mwa tundu la pua bila kulibana, uielekeze kwenye kona ya nje ya jicho la upande huohuo, si katikati. Bonyeza polepole. Maji yatatokea tundu la pili, au lilelile, au kinywani, na njia zote tatu ni sawa.

5. Tumia nusu ya chupa kwa kila upande, yaani mililita 120. Mwenye bomba la mililita 20 arudie mara sita kila upande.

6. Baki umeinama, geuza kichwa kushoto na kulia, maji yachuruzike yenyewe. Usipenge. Futa kwa kitambaa safi chini ya pua tu.

Rudia mara mbili hadi nne kwa siku kama ulivyoelekezwa, na ya mwisho iwe angalau saa moja kabla ya kulala, la sivyo maji yaliyobaki yatakuja kudondoka juu ya mto. Masikio yakiuma, umebonyeza kwa nguvu mno.

Maji yaliyobaki yamwagwe baada ya saa 24. Chupa ioshwe kwa sabuni na maji ya moto yaliyochemshwa, ikaushwe ikiwa imepinduliwa, na isitumiwe na mtu mwingine hata akiwa mume au mke.

Utajua umefanikiwa ikiwa siku za kwanza yanatoka mabonge ya kahawia na damu iliyoganda, mengine makubwa ya kutisha, kisha kamasi nzito, na baada ya wiki kadhaa maji yanatoka karibu meupe kama yalivyoingia.

## Hatua ya 6: Dawa

Kwa maumivu, parasetamoli. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziwekwe mbali isipokuwa daktari amezitaja, kwani zinazuia damu kuganda, na baadhi ya watu wenye nyama za puani pamoja na pumu hubanwa kifua vibaya wakizimeza. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kwa sababu ya moyo asiziache wala kuzianza upya kwa hiari yake.

Dawa ya steroidi ya kupuliza, ile ya kupunguza uvimbe puani, itumiwe baada ya kuosha, si kabla, la sivyo unaiosha pesa yako. Ngoja dakika 15, inamisha kichwa kidogo, elekeza ncha nje kuelekea sikio, na tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa la kulia, ili isigonge ukuta wa kati na kuutoa damu. Vidonge vya prednisoloni, ambavyo navyo ni steroidi, humezwa asubuhi baada ya chakula, na mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi. Matone ya kuzibua pua yanayouzwa kiholela yasizidi siku chache ulizoandikiwa, kwani yakizoeleka pua huziba zaidi yanapoachwa.

## Hatua ya 7: Kliniki

Kizibo kimetoka, pua inapitisha hewa, na nauli ya kurudi kliniki inaonekana kama hasara. Nenda. Kwa kawaida katika wiki ya kwanza au ya pili, na tena baadaye, daktari huingiza kamera na kuondoa ukoko ambao maji hayakuufikia, na kutenganisha sehemu zinazoanza kushikana. Zikiwa laini hutenganishwa kwa dakika moja kwenye kiti, zikikomaa zitahitaji dawa ya usingizi tena. Osha pua asubuhi ya siku hiyo na umeze parasetamoli kabla.

## Hatua ya 8: Kurudi kwenye kazi, kwenye bahari na kwenye chungu

Kazi ya mezani inawezekana baada ya siku kama saba, ingawa uchovu hubaki. Kazi ya kubeba, kulima, kusukuma toroli au kuvuta jarife ingoje wiki mbili au zaidi. Kwa wiki hizo usinyanyue kitu kizito zaidi ya ndoo ndogo ya lita tano, na uokotapo kitu chini, chuchumaa badala ya kuinama. Anayefanya kazi kwenye vumbi la mkonge, saruji au mbao arudi na barakoa na aendelee kuosha pua kila jioni. Mvuvi anaweza kukaa chomboni kabla hajaweza kuzamia. Kuogelea na kuzamia kunangoja ruhusa ya daktari, na hiyo mara nyingi haiji kabla ya wiki nne hadi sita. Utando wenyewe huchukua kama miezi mitatu kukomaa.

Uwezo wa kunusa hurudi taratibu, kwa wiki na wiki, na huanza na harufu kali kama vitunguu vinavyokaangwa au kahawa kabla ya kufika kwenye asumini. Mpaka urudi, mgonjwa asiachiwe kuamua kama samaki wa jana bado anafaa, na mtungi wa gesi ukaguliwe na mwenye pua nzima kabla ya mtu yeyote kuwasha kiberiti.